Barakoa ya N95: wiki 14 usoni mwangu, kwa jicho la fundi cherehani

Mimi ni fundi cherehani. Miaka 22 nimeshika mkasi, na kitu chochote kinachovaliwa nakitazama kwanza mishono yake, kisha namna kinavyomkaa mtu, rangi baadaye. Tathmini hii ya barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani, basi ni ya fundi, ila ni ya dada mtu vilevile. Mwaka jana mdogo wangu aliugua kifua kikuu sugu, ile TB isiyosikia dawa za kawaida, na mimi ndiye niliyemuuguza nyumbani. Kila nilipoingia chumbani kwake nilikuwa na barakoa hii usoni, siku baada ya siku, kwa wiki 14. Vipimo vyangu vimetoka safi hadi leo.

Kwa mwenye haraka: inafanya kazi, tena vizuri, lakini kwa sharti moja ambalo sikuliona limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi lolote nililonunua. Lazima ikukae. Barakoa hii ni kama koti la kushonesha, si kofia ya kumpa yeyote aliye karibu. Nitarudi hapo, maana ndiko nilikojifunza zaidi.

Nianze na kosa langu. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipopamba moto, nilishona barakoa za kitambaa mamia kwa mamia. Pamba tabaka mbili, lastiki za masikioni, mshono wa katikati ili barakoa ipate umbo la uso. Nilizionea fahari, na kwa wakati ule zilisaidia kuyazuia matone makubwa yanayomtoka mtu anapopiga chafya au kuzungumza. Basi mdogo wangu aliporudi nyumbani kutoka wodini nilitoa mbili kabatini nikaona nimeshajikinga. Muuguzi wa TB aliyekuja kutufundisha aliniomba moja. Hakunigombeza. Aliinyanyua mbele ya dirisha, akanionyesha kwa kidole pale katikati. Mahali hasa panapokabili pua na mdomo nilikuwa nimepitisha sindano kutoka juu hadi chini, na kila tundu la sindano lilipitisha nuru. Safu nzima ya vitundu, vimepangwa vizuri, kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikosa la kusema.

Akanieleza kwa nini vitundu vile ni balaa kwa ugonjwa huu. Mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa, akiimba, hata akizungumza tu, matone mazito huanguka chini upesi. Yale madogo hukauka hewani yakabaki vijichembe vya mikroni 1 hadi 5, vyepesi kiasi cha kuelea saa kadhaa katika hewa iliyotulia. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikroni kati ya 50 na 100, kwa hiyo hebu fikiria udogo wake. TB haiambukizi kwa kikombe, wala sahani, wala kushikana mikono. Huambukiza kwa hewa unayoivuta. Nilikuwa nimechemsha vyombo vya mdogo wangu kwa siku tatu huku dirisha la chumba chake limefungwa asipigwe na baridi. Nilikuwa nimeshika mkia nikaacha kichwa.

Nilipopata N95 ya kwanza iliyo halali, nilifanya lile ambalo fundi yeyote angelifanya. Niliichana.

Jambo la kwanza: hakuna mshono hata mmoja. Kingo zote zimeunganishwa kwa kuyeyushwa kwa joto, hivyo hakuna tundu la sindano popote panapopita pumzi. La pili: hakuna kilichofumwa. Tabaka la nje na la ndani ni kama ule utando mgumu kidogo tunaouweka ndani ya kola ili isimame. Kazi yenyewe iko katikati. Nililitoa tabaka hilo kwa kibano. Jeupe, jepesi, lilitikisika kwa pumzi yangu. Nililivuta kwa vidole likakatika taratibu, likaacha manyoya membamba mfano wa utando wa buibui. Kitambaa cha kufumwa, hata kiwe kizito namna gani, kina njia zilizonyooka baina ya uzi na uzi. Hiki hakina njia. Ni plastiki iitwayo polipropilini iliyoyeyushwa ikapulizwa kwa hewa moto hadi ikawa nyuzi nyembamba zilizolala ovyo, moja juu ya nyingine, na hewa inalazimika kupinda na kupinda tena ili ipite.

Tena nyuzi hizo zimetiwa chaji ya umeme. Hapa ndipo niliposimama nikaitazama upya. Kila fundi anajua, hewa ikiwa kavu, kipande cha nailoni kinavyong'ang'ania mkono na kuvuta ncha za uzi zilizokatwa mezani. Umeme tuli huohuo umewekwa humu ndani kwa makusudi, ukakaa. Mtafiti Peter Tsai, mzaliwa wa Taiwan aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Tennessee nchini Marekani, ni mmoja wa waliobuni mbinu za kukitia kitambaa hiki chaji, miaka ya 1990. Faida yake ni kwamba tabaka linanasa chembe bila kuwa zito kiasi cha kumziba mvaaji pumzi. Ningepewa nafasi ya kumshika mkono fundi mmoja duniani, ningemshika yeye.

Chaji hiyo ndiyo sababu usiifue. Narudia kwa herufi zote: usiifue kwa sabuni, usiipulizie spiriti, usiipige pasi. Kwa macho itaonekana nzima, lakini umeme utakuwa umetoka na chujio limebaki jina. Mwanamke mmoja niliyekutana naye kliniki alikuwa akiiloweka ya kwake kila usiku pamoja na nguo za mtoto, kwa usafi wake na upendo wake. Nilimwonyesha vipande vyangu vilivyochanwa. Hakuiloweka tena.

Sasa jina. Namba 95 ina maana kwamba katika kipimo cha maabara barakoa lazima izuie angalau asilimia 95 ya chembe za ukubwa wa takribani mikroni 0.3. Ukubwa huo haukuokotwa tu. Chembe kubwa zaidi hugonga nyuzi kwa uzito wake, ndogo mno huyumbayumba hadi zinaswe, na zile za katikati ndizo hodari wa kupenya. Vijichembe vya TB ni vikubwa kuliko hapo, kwa hiyo barakoa iliyofaulu mtihani mgumu inavimudu. N inamaanisha haikutengenezwa kustahimili moshi wa mafuta. Anayezithibitisha ni NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Ulaya wana FFP2, kiwango chao ni asilimia 94. China wana KN95, asilimia 95. Kwa mtu anayeuguza nyumbani tofauti ya namba hizo si kitu. Tofauti kubwa iko kwenye lastiki, na hapo ndipo nilipotapeliwa.

Boksi langu la kwanza nililinunua mtandaoni kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Limeandikwa N95, picha ya daktari, kila kitu. Lastiki zake za masikioni. N95 yenye kibali cha NIOSH huwa na mikanda miwili ya kuzungusha kichwani. Ukiona ya masikioni, shuku. Kisha nikasoma maandishi yaliyo kwenye barakoa yenyewe: herufi za NIOSH zilikuwa zimebadilishana nafasi. Namba ya kibali, ile inayoanza na TC-84A, haikuwepo kabisa. Niliichana nayo. Tabaka mbili za utando wa nje, katikati hakuna kitu. Hasira niliyokuwa nayo siku ile haijaisha. Mtu amekaa akakata, akakunja, akapakia, akijua kwamba kuna mahali fulani binadamu ataivaa na kuingia kwa mgonjwa akiamini amekingwa. Ukinunua, soma maandishi ya kwenye barakoa, si ya kwenye boksi, kisha ilinganishe namba ya kibali na orodha ya NIOSH, ambayo iko wazi kwa kila mtu.

Nije kwenye kukaa.

Muuguzi yule, Mungu ambariki, alikuja siku moja na kofia kubwa ya plastiki angavu na kichupa cha kupulizia. Kwanza alinivika kofia bila barakoa, akapuliza, akaniuliza ninaonja nini. Utamu. Ilikuwa sakarini, ile sukari ya dukani isiyo sukari. Akanipa maji nisukutue, nikavaa N95 halali niliyokwisha inunua, yenye umbo la bakuli, akapuliza tena. Vuta pumzi kawaida. Vuta kwa nguvu. Geuza kichwa kulia, kushoto. Tazama juu, chini. Sikuonja kitu, nikaanza kufurahi. Akanipa karatasi nisome kwa sauti. Kabla sijamaliza mstari wa pili utamu ulikuwa umefika ulimini.

Barakoa halali, chujio zima, namba ya kibali iko pale, lakini hewa ilikuwa inaingia pembeni mwa pua. Uti wa pua yangu uko chini na kidevu changu ni chembamba. Taya likisogea, ukingo wa juu unanyanyuka. Mwanya wenyewe haukuwa mpana kuliko uzi wa kushonea vifungo. Lakini hewa ni kama maji, haihangaiki na chujio pakiwa na mlango wazi. Nimekaa miaka yote nikiwaambia wateja kwamba vipimo vya mwenzako havikufai, halafu nikanunua kitu muhimu kuliko vyote nikakivaa bila kujipima.

Tulijaribu aina nyingine, ya kukunja, yenye vipande vitatu: cha puani, cha katikati na cha kidevuni. Kipande cha chini kinafuata taya likifunguka. Nilisoma karatasi nzima, nikainama, nikazungumza, nikageuka. Hakuna utamu. Hiyo ndiyo niliyoivaa hadi mwisho. Wewe huenda ukafaulu kwa ile ya bakuli iliyonishinda mimi, kwa hiyo sikutajii chapa. Nunua moja ya kila umbo kabla ya kununua boksi. Na kama kituo unachotibiwa wana kipimo hiki cha utamu au kile cha uchungu, waombe.

Nyumbani hakuna kofia ya plastiki, kwa hiyo kila unapovaa jikague. Mkanda wa juu upite juu ya masikio hadi kisogoni kwa juu, wa chini ukae shingoni chini ya masikio, isipishane. Mimi niliipishanisha wiki ya kwanza nikidhani inabana zaidi, kumbe inavuta mashavu na kufungua pembeni. Kibati cha puani kikandamize kwa vidole vya mikono yote miwili kuanzia katikati kwenda nje. Ukikibana kwa mkono mmoja unatengeneza ncha, na chini ya ncha kuna handaki. Kisha funika barakoa kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni au shavuni, rekebisha. Vuta pumzi; barakoa inywee kidogo kuelekea usoni. Inachukua sekunde 10 tu, na sikuwahi kuziruka.

Ndevu haziendi na barakoa hii. Kaka yetu mkubwa alikuwa na ndevu alizozifuga miaka, akataka kunipokea zamu za usiku. Muuguzi alimweleza kwamba kila unywele ulio chini ya ukingo ni kijiti kinachoushikilia mlango usifunge. Asubuhi yake alikuja amenyoa. Sikumwambia kitu, nilimpa barakoa tu, lakini nililia baadaye.

Kuhusu raha, sitadanganya. Ni ya joto. Baada ya saa moja ndani yake kuna unyevu, na mfupa wa pua unauma. Nilikuwa na mstari mwekundu chini ya macho uliokuwa haufutiki hadi jioni. Sauti inafifia; mdogo wangu alikuwa na dawa zinazomchosha, kunisikia tu ilikuwa kazi, tukazoea kuzungumza kwa mikono. Zile zenye kidude cha kutolea pumzi mbele zina nafuu ya joto, ila pumzi yako inatoka bila kuchujwa, na nyumba yenye TB huwezi kuapa kwamba wewe mwenyewe u mzima. Niliziacha.

Uimara: katika TB, tofauti na magonjwa mengine, barakoa inaweza kuvaliwa tena na mtu yuleyule mradi ni kavu, haijachanika na bado inabana. Nilikuwa nazo nne kwa zamu, kila moja kwenye bahasha ya karatasi yenye jina langu, imetundikwa nje ya mlango wa chumba. Bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, maana nailoni inafungia unyevu. Kwangu kila moja ilidumu takribani wiki mbili. Chujio halikuwa la kwanza kufa. Kilichokufa ni lastiki. Hapa nina lawama ya kifundi kwa watengenezaji: lastiki nyembamba kiasi kile kwa kitu chenye chujio zuri kiasi kile! Ukiivuta na isirudi haraka, itupe, hata kama kitambaa bado cheupe.

Mgonjwa mwenyewe havai N95. Mdogo wangu alivaa barakoa ya kawaida ya upasuaji kila tulipokuwa naye chumbani, kwa sababu kazi ya barakoa yake ni kunasa kinachomtoka kabla hakijakauka na kuelea, na mapafu yake hayakuhitaji mzigo zaidi. Nilidhani hiyo ni heshima tu ya kuficha kikohozi. Kumbe imepimwa. Afrika Kusini, katika wodi ya TB sugu, watafiti waliipeleka hewa ya wagonjwa kwenye vyumba viwili vya simbilisi, 90 kila chumba. Siku moja wagonjwa wanavaa barakoa za upasuaji, siku inayofuata hawavai, na kila chumba kikapokea hewa ya siku zake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: waliopumua hewa ya siku zisizo na barakoa, 69 waliambukizwa, wa siku za barakoa, 36. Nilimsomea mdogo wangu namba hizo. Alikuwa akiivua barakoa nikigeuka, kwa sababu inamtia joto. Tangu siku ile akawa anaivaa akisikia tu hatua zangu mlangoni.

Ukiniuliza barakoa inashika nafasi ya ngapi, nitasema ya tatu. Ya kwanza ni dawa, kwa sababu dawa sahihi hupunguza uambukizaji mapema kuliko watu wanavyodhani. Yeye alipewa mchanganyiko wa dawa nne wa miezi 6 ambao Shirika la Afya Duniani lilianza kuupendekeza mwaka 2022, na hakuruka dozi. Ya pili ni hewa. Tulifungua madirisha mawili yanayotazamana, kitanda kikahamishiwa upande ambako upepo unatoka chumbani kwenda nje, na mchana alikaa uwanjani juani. Ndipo barakoa, kwa ule muda ambao lazima uwe karibu: kumgeuza, kumshika akikohoa, kubadilisha shuka.

Jambo lililonitesa zaidi ni binti yangu wa miaka 9. N95 hazikutengenezwa kwa uso wa mtoto, NIOSH haina kibali cha ukubwa huo, na nilijaribu kuipunguza moja kwa mkasi na gundi kabla ya kukubali ukweli. Ukiikata, umeiua. Binti hakuingia chumbani kwa mjomba wake kabisa. Walizungumza dirishani, yeye nje, mjomba ndani, na wote tuliokuwa nyumbani tulipimwa. Watengenezaji wakisoma hapa: tushoneeni ya watoto, yenye kipimo cha kweli.

Naikata alama moja tu kati ya tano, nusu kwa lastiki, nusu kwa watoto. Nne zilizobaki naipa kwa moyo mmoja.

Makohozi yake yalipooteshwa maabara mara ya pili mfululizo yakatoka bila vimelea, muuguzi aliniambia naweza kuingia bila barakoa. Niliivua mlangoni, nikaiweka kwenye bahasha yake kwa mazoea, nikasukuma mlango. Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani. Alinitazama muda mrefu, kwa sababu alikuwa hajaniona uso mzima kwa wiki 14, kisha akasema, "Dada, kumbe na wewe umekonda."